Mtoto Aliyetokwa na Maziwa Puani

Siku ya kuniaga pale hospitalini nilipewa saa ya ukutani na keki iliyoandikwa "Mwanahawa". Jina langu ni Mwanahamisi, lakini sukari ilikuwa imekwisha ganda. Baada ya hotuba, wauguzi wachanga wa kliniki ya mama na mtoto walinifuata wakaniuliza: zamani, kabla ya chati za rangi na mipira ya kulishia, mtoto asiyeweza kunyonya mlimlisha vipi? Nikawajibu kwamba tulimlisha polepole. Wakacheka, wakadhani natania. Sasa niko nyumbani Tiwi, kuku wamekwisha kula, na sina kazi mpaka adhuhuri. Nitawajibu tena kwa urefu.

Nilianza kazi Msambweni bendera mpya ikiwa bado haijapauka. Wazungu waliokuwa wakiongoza wodi walikuwa wanafunga masanduku mmoja baada ya mwingine, na sisi tuliotoka mafunzoni Mombasa tulikabidhiwa makabati ambayo funguo zake hazikujulikana ziliko. Wodi ya watoto ilikuwa chini ya Sista Rahel, mama wa Kitaita, mrefu, mkavu wa maneno. Nilifika kwake asubuhi ya kwanza nimevaa viatu vipya.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Viatu hivyo vitakuumiza."

Vikaniumiza. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya siku ya kwanza, pamoja na benchi. Sista Rahel alinionyesha benchi lililokuwa ukutani mwa wodi, akaniambia nikae pale wakati akina mama wanawalisha watoto, nisiseme neno, nisimsaidie mtu. Nilitoka chuoni na vyeti viwili na hamu ya kuokoa maisha, nikakaa kwenye benchi kama mtu anayesubiri kinyozi. Mchana akanijia.

"Umeona nini?"

"Nimeona watoto hawataki kula."

"Rudi kesho ukae."

Nilikaa. Kila mchana aliniuliza swali lile lile, na kila mchana nilimweleza habari za watoto: huyu anatema, huyu anafumba mdomo, huyu analia kabla kijiko hakijafika. Kila mchana alinirudisha kwenye benchi. Mwisho, kwa uchovu zaidi kuliko akili, nikamwambia kwamba mama wa kitanda cha pembeni kila akiinua kijiko alitazama mlangoni, na mtoto naye akawa anageuza shingo kutazama mlango, kijiko kikakuta sikio.

"Anamtazamia nani mlangoni?" akaniuliza Sista.

"Sijui."

"Basi nenda ukamuulize. Sasa unaweza kuinuka."

Mama yule alikuwa amewaacha watoto wengine nyumbani na jirani asiyemwamini. Tulimtuma mtu akawatazame. Mama akapata habari kwamba wote wazima, akatulia, na mtoto akala uji wake. Sikuwa nimegusa dawa yoyote. Sista Rahel hakunisifu, ila tangu siku hiyo aliniambia mara nyingi: "Ukimtazama mtoto, mtazame na anayemlisha. Ugonjwa mara nyingine uko kwenye mkono."

Vifaa vyetu vilikuwa mizani ya kuning'iniza yenye suruali ya turubai, ambayo kila mtoto aliyevishwa aliikojolea, kikombe kidogo cha bati, kijiko cha chai, tochi, na sufuria ya kuchemshia vyote isipokuwa mizani na tochi. Uzito tulipima kwa ratili. Baadaye zikaja kilo, na kwa muda mrefu akina mama walidhani watoto wao wamepungua nusu kwa amri ya serikali.

Tulikuwa pia na gari la kliniki ya vijijini, lililokwenda lilikotaka. Mara moja lilitufikisha mpaka Taru na madebe ya maziwa ya unga ya msaada. Taru ni nchi kavu, na watu wake ni wafugaji. Nilisimama mbele ya wazee waliokaa na fimbo zao, nikaeleza namna ya kukoroga unga na maji yaliyochemshwa. Mzee mmoja alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza ng'ombe wa maziwa hayo yuko wapi. Nikasema yuko ng'ambo, mbali. Akauliza alikufa lini. Tulirudi na nusu ya madebe, na mbuzi mmoja tuliyepewa kwa kutuhurumia.

Hayo yalikuwa mambo ya kawaida. Sasa niwaeleze la kijiji cha Bodo, maana hilo ndilo lililonifundisha kazi.

Siku ya kliniki aliingia mama mmoja wa makamo, amejifunga leso vizuri, anatembea mbele. Nyuma yake alikuja msichana aliyebeba mtoto aliyefunikwa gubigubi. Yule wa mbele alikuwa Bi Mwanatumu wa Bodo, na msichana alikuwa mke wa mwanawe, Mwanaisha. Mtoto aliitwa Salimu. Nilipoifunua leso nikaona uso wa mzee kwenye mwili wa mtoto mchanga.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia Bi Mwanatumu.

"Marahaba, mwanangu."

"Mtoto anasumbuliwa na nini?"

"Chirwa," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya samaki.

Kwa ninyi mliotoka mbali: chirwa ni mtoto kukonda na kunyauka, na kwetu husemwa huletwa na mzazi aliyetoka nje ya ndoa mtoto akiwa bado mchanga. Mara nyingi anayeshukiwa ni mama. Kwa hiyo neno hilo ni ugonjwa na mashtaka kwa pamoja. Mwanaisha alikuwa ametazama sakafu, na akina mama wengine kwenye foleni walikuwa wamenyamaza ili wasikose kitu.

"Kwa mganga tumekwisha kwenda," akaendelea Bi Mwanatumu. "Lililobaki ni kumrudisha huyu kwao Gazi. Lakini babake amekataa kumpokea mpaka asikie kauli ya hospitali. Ndiyo tumekuja. Semeni, twende zetu."

Sista Rahel alikuwa amesikia. Alikuja akachuchumaa mbele ya Mwanaisha, akamuuliza kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake:

"Akinyonya, maziwa yanakwenda wapi?"

Mwanaisha akamtazama. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza juu ya maziwa badala ya wanaume.

"Yanatoka puani."

"Yote?"

"Mengine anameza. Mengine yanatoka. Anapaliwa, anachoka, analala. Akiamka analia tena. Siku moja alipaliwa mikononi mwangu akageuka rangi. Tangu siku hiyo naogopa hata kumshika."

Sista akanyoosha mkono, nikampa tochi. Mtoto alipolia, mwanga ukaingia mdomoni. "Njoo uone," akaniambia. Midomo ya Salimu ilikuwa mizima, mizuri kabisa, ndiyo maana hakuna aliyeshuku kitu. Lakini juu, mahali pa kaakaa, palikuwa na uwazi mrefu unaoingia moja kwa moja puani. Mtoto wa namna hiyo hawezi kufyonza. Anahangaika na titi siku nzima, anapata matone, na nguvu anayotumia kuyapata ni kubwa kuliko shibe yake.

Sista akamwambia Bi Mwanatumu aoshe mikono kwa sabuni. Akaosha, akishangaa. Kisha akamwongoza kidole mpaka kwenye kaakaa la mjukuu wake. Bi Mwanatumu akakiacha kidole pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nani amemfanya hivi?"

"Hakuna. Alizaliwa hivyo. Kaakaa halikuungana alipokuwa tumboni. Si mama, si baba, si mtu."

Bi Mwanatumu akatoa kidole, akakipangusa kwa leso, akatoka nje bila kuaga. Nilidhani amerudi Bodo kwa hasira. Nilipotoka nilimkuta amekaa kwenye ngazi, ameelekea ukuta, na hapo ndipo alipokaa mpaka adhana ya alasiri. Tulimwacha.

Tukamlaza Salimu. Sista Rahel akanipa mimi kazi ya kumfundisha Mwanaisha. Mtoto anakalishwa wima, kichwa kimeshikwa vizuri. Maziwa ya mama yanakamuliwa kwenye kikombe kilichochemshwa; yakipungua, tunajazia ya unga. Ukingo wa kikombe unawekwa kwenye mdomo wa chini, maziwa yaguse tu, yasimiminwe. Mtoto ndiye anayeyafuata. Unamngoja ameze, unamngoja apumue, unampiga mgongo taratibu acheue, unaanza tena. Yakitoka puani unapangusa, huachi. Akichoka unaacha, hata kama kikombe hakijaisha, kwa maana mtoto aliyechoka hupaliwa.

Ni maneno machache. Lakini Mwanaisha kila alipoinua kikombe mkono ulitetemeka, maziwa yakamwagika, mtoto akakohoa, naye akanirudishia kikombe. Mimi nikakichukua. Nilikuwa na mkono mtulivu na haraka ya ujana, na Salimu akaanza kunywa vizuri. Mizani ikapanda kidogo. Nikafurahi. Sista Rahel akaja akanitoa kikombe mkononi.

"Ukimlisha wewe atapona hapa, atakufa Bodo. Kazi yako si kumlisha mtoto. Kazi yako ni kumlisha mama moyo wa kumlisha mtoto."

Kisha, kwa kuwa hakupenda kuonekana anasema maneno mazuri, akaongeza kwamba kofia yangu imekaa upande.

Siku chache baadaye akatokea mume. Bakari alikuwa mkata boriti kwenye mikoko, na alifika na matope ya mikoko mpaka magotini. Wakati ule baba haingii wodi ya watoto; husimama dirishani kama mtu anayenunua tikiti. Akasimama dirishani akamtazama mkewe anavyohangaika na kikombe.

"Nesi," akaniita. "Nionyeshe mimi."

Nilimtazama Sista. Kanuni zilikuwa wazi, na yeye mwenyewe ndiye aliyezibandika ukutani. Akafikiri kidogo, kisha akaagiza benchi litolewe barazani. Baraza, akasema, si wodi.

Bakari akanawa mpaka viwikoni, akakaa. Mikono ile iliyozoea shoka ilimshika mtoto kama inashika yai. Hakuwa na haraka. Alimngoja Salimu kama mtu anayengoja maji kupwa, bila kukasirika. Salimu akanywa. Watu waliokuwa wakipita walisimama kutazama mwanamume akimnywesha mtoto maziwa ya mama mchana kweupe, na mmoja, mtu wa kwao, hakuweza kujizuia.

"Bakari, ndugu yangu, umekaliwa na mkeo."

"Nimekaa mwenyewe," akasema Bakari, bila kuinua macho.

Mwanaisha alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona anavyomtazama mumewe, nikaelewa kwamba kikombe kile kilikuwa kinasema jambo ambalo Bakari, kwa kumheshimu mama yake, hakuweza kulisema kwa mdomo. Mtu anayeamini mkewe amemkosea hakai barazani kumlisha mtoto mbele ya watu. Mchana huo huo Mwanaisha aliomba ajaribu. Mkono ulitetemeka, lakini kikombe hakikurudi kwangu.

Tukawaruhusu waende nyumbani. Sista alisema mtoto akishanenepa vya kutosha atapelekwa Mombasa kwa daktari anayeshona makaakaa. Nilikuwa nikiwatembelea kila gari lilipokubali kwenda Bodo. Bakari alimlisha asubuhi kabla ya kazi na jioni akirudi. Mchana alikuwa Mwanaisha. Bi Mwanatumu alikuwa akipika, akifagia, akinikaribisha chai, na neno chirwa halikutajwa tena, lakini wala halikufutwa. Lilikuwa pale nyumbani kama mgeni ambaye hakuna anayemuuliza ataondoka lini.

Kisha Bakari akapata kazi ya boriti upande wa Funzi, ya kulala huko huko. Mwanaisha akabaki na kikombe peke yake, na hofu ikamrudia. Akawa anampa mtoto kidogo kidogo, akikohoa mara moja anaacha. Bi Mwanatumu alimwona mjukuu anapungua tena, akafanya alichofanya kila nyanya wa pwani hii tangu zamani: akampikia uji, akamlaza chali juu ya mapaja, akamnywesha kwa kiganja. Alifanya kwa mapenzi matupu. Uji ukaingia kifuani.

Wakamleta kwa baiskeli ya jirani, anahema kwa mbavu, kucha zimebadilika rangi. Daktari akasema kichomi, akaandika sindano, na akamwambia Sista kwa sauti ya chini asimpe mama matumaini mengi. Nilikuwa nimesimama karibu, nikasikia. Mwanaisha pia alikuwa karibu.

Zile zilikuwa siku ngumu. Sindano tulizichoma kwa saa zake, lakini mtoto hapati nguvu kwa sindano tupu. Ilibidi anywe, na kila tone lilikuwa hatari. Bakari hakuwa amepata habari bado. Mimi nilimwangalia Sista, nikitumaini atanipa ruhusa ya kushika kikombe mara hii tu. Hakunipa. Alikijaza, akamkabidhi Mwanaisha.

"Wewe ndiye anayekujua," akamwambia. "Sisi anatuona wageni."

Mwanaisha akakaa kitandani, akamweka mwanawe wima kifuani. Mkono haukutetemeka. Alipokuja kunieleza baadaye alisema hakuwa na ujasiri wowote. Alikuwa amekwisha kuliona lile alilokuwa akiliogopa, basi kuogopa kukawa hakuna faida. Mtoto akameza. Akapumzika. Akameza. Akakohoa, na mimi nikasogea, lakini Mwanaisha akamwinamisha, akampangusa, akamngoja, akaendelea.

Bi Mwanatumu alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye kitanda. Tangu walipofika hakuwa amekula. Ndipo akaanza kusema, macho yake kwenye sakafu.

"Kabla ya Bakari nilikuwa na mwana. Mwinyi. Naye maziwa yalimtoka puani."

Mwanaisha hakusimamisha kikombe, lakini nilimwona amesikia.

"Akawaje, mama?" nikauliza.

"Akafa. Wakasema chirwa."

"Na wewe ulisema nini?"

"Ningesema nini? Nilikuwa binti mdogo kama huyu Mwanaisha. Nilijua sikufanya kitu, lakini mtoto alikuwa anakufa mbele yangu, na watu wazima wote wanasema nimefanya. Ukiambiwa sana unaanza kujitafuta. Mume wangu alikuwa mtu mwema. Hakunirudisha kwetu. Alinisamehe. Alinisamehe mpaka siku aliyokufa."

Sista Rahel alikuwa nyuma yangu na sindano mkononi. Ni Mwanaisha aliyesema.

"Mama, nishikie kichwa chake. Mkono umechoka."

Bi Mwanatumu akainuka, akanawa kwa sabuni bila kuambiwa, akashika kichwa cha mjukuu wake, na wakaendelea kumlisha wote wawili.

Salimu hakufa. Sisemi ilikuwa kwa ajili ya kikombe peke yake. Sindano zilifanya kazi yake, na Mungu alifanya yake. Lakini nimewaona watoto waliopata sindano zile zile wakaenda. Bakari alifika kifua cha mtoto kikiwa kimeanza kufunguka, akamkuta mama yake anamlisha Salimu kwa kikombe, amemweka wima, na mkewe amelala usingizi. Akarudi dirishani akasubiri zamu yake.

Mwaka uliofuata Salimu alipelekwa Mombasa, ana mashavu. Wazazi wake walivuka naye feri ya Likoni, nami nikafuatana nao kwa sababu Sista alisema madaktari wa kule wana haraka na mtu lazima awaulize maswali. Waliliziba tundu. Wiki kadhaa baadaye, barazani petu, alikunywa maziwa na puani hapakutoka kitu, na Bakari akamtazama puani kwa muda mrefu kama mtu aliyepoteza kitu pale.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi. Niliona vikombe vya bati vikibadilishwa na vya plastiki, na ratili na kilo, na nilikaa benchini na wanafunzi wengi ambao walidhani nawadhulumu. Sista Rahel alistaafu akarudi Taita, akaniachia wodi na kanuni zake ukutani. Lakini mkitaka kujua tulikuwa tukifanya kazi gani, si mizani itakayowaambia. Ni siku ya Gazi.

Salimu alipokwisha kupona, Bi Mwanatumu alisema anakwenda Gazi kwa wazazi wa Mwanaisha, pamoja naye na mtoto, na akaniomba nifuatane nao. Nilielewa ananihitaji kwa maelezo. Nilijiandaa njia nzima: kaakaa ni nini, linaungana lini, kwa nini halikuungana. Nilichukua na tochi.

Tulikaribishwa mkekani. Baba yake Mwanaisha alikaa na ndugu zake upande mmoja, akina mama upande wa pili, na Salimu akatambaa katikati akila kipande cha muhogo, bila taabu. Tulisalimiana kwa urefu, kama inavyostahili kati ya wakwe. Kisha Bi Mwanatumu akakaa vizuri, akaweka mikono mapajani.

"Nilisema neno juu ya binti yenu," akasema. "Nililisema nyumbani kwangu, na nililisema hospitalini mbele ya watu. Nimekuja kulisema tena ili niliondoe. Mwanenu hakuwa na kosa."

Baba yake Mwanaisha akainamisha kichwa. Alidhani amemaliza, akafungua mdomo kujibu. Lakini Bi Mwanatumu alikuwa bado anamtazama.

"Wala mimi sikuwa nalo," akasema.

Wale wanaume walitazamana, kwa kuwa hakuna aliyejua anazungumza habari gani. Mwanaisha alijua. Alisogea akakaa karibu naye, bega kwa bega. Hakuna aliyeniuliza habari za kaakaa. Tukaletewa wali, tukala, na mimi nikarudi kazini.